Kupeleka sayansi mwaloni: jinsi ya kuwafikia vijana ambao mwaliko hauwafikii

Ukimwandikia mkuu wa shule barua ya kuomba wanafunzi 30 bora wa sayansi, atakupa. Watakuja wamenyoosha sare, wanajibu kwa Kiingereza, wengi wao wavulana wa viti vya mbele, pamoja na binti wa mwalimu na mtoto wa afisa wa kata. Mtafanya siku nzuri, mtapiga picha, na jioni utaondoka umewafikia watoto ambao sayansi ilishawafikia kabla yako.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya maji hapa Mwanza. Nimezaliwa Kayenze, upande wa Ilemela, mama yangu akiwa mwanikaji wa dagaa, na muda wangu mwingi nje ya kazi unaishia kwenye shule za kata za kandokando ya ziwa: Igombe, Sangabuye, mara nyingine ng'ambo ya Sengerema na Ukerewe. Haya nawaandikia wahandisi, wanachuo, walimu, wauguzi na mafundi wanaotaka kuwapelekea vijana sayansi, hisabati na teknolojia, na wanaotaka kazi yao ibadilishe kitu. Ninalolisisitiza ni hili: angalia umemkusanya nani na utarudi kwake mara ngapi. Uzuri wa onyesho lenyewe unakuja baadaye sana.

Ijue kalenda ya mwalo kabla ya kupanga tarehe

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hiyo haifui dafu, na mitumbwi mingi ya dagaa inapumzika. Kwa hiyo mwalo, yaani ufuko ambako mitumbwi hutua na dagaa kuanikwa, una majira yake. Wiki za giza, asubuhi kila mkono unahitajika, na mkono wa binti wa miaka 14 unahitajika zaidi, maana kuanika, kugeuza, kufukuza ndege na kuchambua ni kazi za akina mama na watoto wao. Ukiweka siku ya sayansi wiki hiyo, watakaokuja ni watoto wa waajiriwa. Ukiiweka siku mbili tatu kabla au baada ya mwezi mpevu, mwalo umetulia na binti anaruhusiwa kutoka. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo tarehe zinahama kila mwezi. Muulize mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo husika, atakutajia usiku wa mbalamwezi bila kufungua kalenda. Na hapohapo umepata somo la kwanza: waulize vijana kwa nini dagaa wanafuata taa, na kwa nini mwezi unaharibu kazi. Wana majibu mengi, na mengine yanapimika.

Jumamosi ndiyo siku ambayo kila mtu wa ofisini anaikimbilia. Kanda yetu ina Wasabato wengi, hasa ukielekea Ukerewe na Mara. Mtoto wa Kisabato hatakuja kukueleza kwamba siku yako imegongana na ibada yao. Hatatokea tu, na wewe utadhani hapendi sayansi. Ijumaa mchana ni sala kwa Waislamu. Mimi huchagua Jumatano au Alhamisi baada ya vipindi, au Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukienda Magu au Misungwi, uliza kwanza kama mpunga umeanza kuiva, kwa sababu wakati huo watoto wako mashambani wanaamia ndege.

Ruhusa zifuate ngazi zake: barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu sekondari, kisha mkuu wa shule. Kama shughuli ni mwaloni, mwenyekiti wa mtaa na BMU wajue. Picha za watoto zisipigwe bila mzazi kuridhia kwa maandishi.

Nauli itolewe kabla ya safari. Wengi wanaahidi kurudisha nauli baada ya mtoto kufika, na ahadi hiyo inamsaidia tu mwenye nauli mfukoni. Chakula nacho kiwepo, hata kama ni wali na maharage kwa mama ntilie wa jirani, na kiliwe mwanzoni.

Achia ndoo ichague

Omba orodha nzima ya kidato cha kwanza au cha pili. Nasema vidato hivyo kwa sababu mwisho wa kidato cha pili ndipo mwanafunzi wa shule ya kata anapoamua, au anapoamuliwa, kama ataendelea na Fizikia na Kemia. Ukimpelekea binti wa kidato cha nne hotuba tamu ya uhandisi wakati Fizikia aliiacha miaka miwili iliyopita, umemletea mwavuli mvua ikiwa imeshakatika.

Andika majina kwenye vikaratasi, tia kwenye ndoo mbili, moja ya wasichana na moja ya wavulana, wanafunzi wenyewe wachomoe mbele ya darasa, idadi sawa kila ndoo. Mwalimu wa taaluma anaweza kuwa na wasiwasi kwamba utapata wanafunzi wazito. Zungumza naye kwa heshima, mweleze kwamba wale bora atawapeleka kwenye mashindano ya kitaifa, kama maonyesho ya Young Scientists Tanzania kule Dar es Salaam, na hilo ni jambo jema. Wewe umekuja kwa kazi nyingine. Kura ina faida moja zaidi nitakayoieleza mbele kwenye kupima matokeo.

Hakikisha orodha uliyopewa ni ya darasa zima kweli. Muulize mwalimu wa malezi kuhusu mabinti waliorudi baada ya kujifungua. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wa kurudi shuleni, lakini wengi wanaondoka mara kengele ya mwisho inapolia, kwa sababu kuna mtoto nyumbani. Jina lake likitoka kwenye ndoo, mwambie aje na mtoto. Atafutwe bibi au dada mmoja wa kumshika kwa saa hizo, alipwe kidogo. Uliza pia kuhusu wenye ualbino, wasioona vizuri na wasiosikia. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, shughuli zote za nje ziwe chini ya turubai, kofia pana na krimu ya jua viwepo, maandishi yawe makubwa. Kwa kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama tangu unapopanga bajeti. Usisubiri siku yenyewe.

Somo liko kwenye chanja

Wageni wengi wanakuja na roketi za chupa na volkano za siki. Watoto wanazifurahia, sizipingi. Ila roketi ikishatua, mwenye ujuzi bado ni mgeni. Nataka nikuoneshe zoezi ambalo ujuzi unaanzia kwa binti wa mwaloni.

Nunua kilo moja na nusu ya dagaa wabichi. Gawa mafungu matatu ya gramu 500. La kwanza lianikwe mchangani kama ilivyozoeleka. La pili liwe juu ya chanja: nguzo nne, fito, wavu mkuukuu uliokazwa, kimo cha kiuno. La tatu liwe juu ya chanja vilevile, lakini limefunikwa kwa nailoni angavu iliyoinuliwa na fito, pande mbili zikiwa wazi hewa ipite. Kila baada ya saa moja, kila fungu linakusanywa lote, linapimwa kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni, linarudishwa mahali pake. Andikeni uzito, joto la hewa, na kama kuna upepo au hakuna.

Dagaa mbichi, kama robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo fungu la gramu 500 likikauka sawasawa litashuka chini ya gramu 200. Wakichora jedwali lao kuwa grafu, mstari utateremka kwa kasi saa za mwanzo kisha utaanza kulala. Usiwaambie sababu. Waache waguse samaki: mwanzoni ngozi ilikuwa na majimaji, sasa ngozi imekauka lakini ndani bado kuna ulaini. Maji ya juu yanaondoka na upepo, ya ndani yanalazimika kwanza kusafiri mpaka kwenye ngozi. Hapo umefundisha mvukizo, eneo la uso, kasi ya mabadiliko na asilimia, na hakuna aliyeuliza kama swali hilo litatoka kwenye mtihani.

Fungu la mchangani linaleta ugomvi mzuri. Igombe, kundi moja lilipata kwamba fungu hilo linapungua polepole kuliko yote, wakaandika kwamba mchanga unakausha vibaya. Binti mmoja ambaye muda wote hakuwa amefungua kinywa akachukua dagaa mmoja, akamkunja karibu na kichwa, akamvunja, akasikiliza. Akasema, "Huyu kakauka. Mnapima na mchanga." Wakamwaga fungu kwenye chekecheo, wakalitikisa, wakapima mchanga ulioanguka peke yake. Kilichobaki kwenye samaki hakikutoka chote, na yeye ndiye aliyependekeza waoshe dagaa wachache, wawakaushe upya, wakadirie mchanga uliokuwa umeganda. Kosa la kipimo na namna ya kulisahihisha ni mada inayowasumbua hata wanachuo. Binti yule aliifikia kwa vidole, kwa sababu tangu utotoni amewavunja dagaa kusikiliza kama wamekauka.

Malizeni na hesabu za soko. Dagaa wa mchangani wengi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Dagaa safi wa chanjani wanaliwa na watu na wana bei nyingine. Gharama ya fito na wavu inarudi baada ya mafungu mangapi? Waiteni akina mama wenye vichanja wawepo kwenye hesabu hiyo. Mzazi aliyemwona bintiye akipiga hesabu ya chanja lake hatamzuia wiki ijayo.

Kwa maji, tengenezeni sahani ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji. Imepewa jina la padri Mwitaliano, Angelo Secchi, aliyeijaribu Bahari ya Mediterania mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa wanaitumia mpaka leo. Mfuniko wa plastiki ukatwe duara la kipenyo cha sentimita 20, ugawanywe robo nne, mbili nyeusi mbili nyeupe, chini ufungwe jiwe, katikati ipite kamba yenye fundo moja kila sentimita 10 na fundo mbili kila mita. Mnaishusha kutoka gatini, upande wenye kivuli, mpaka ipotee machoni, mnasoma kina. Mnaivuta taratibu mpaka ionekane tena, mnasoma tena. Wastani wa vina viwili ndio uangavu wa maji siku hiyo. Mwanafunzi asiyeona ndiye msomaji wa kamba: mwenzake anasema "imepotea", yeye anahesabu mafundo kwa vidole na kutaja kina. Hakuna aliyemwonea huruma kwa kumpa kazi hiyo. Kipimo chake ndicho kinachoandikwa. Mkirudia kila mwezi, kabla ya mvua na baada ya mvua, mtaliona tope la mito na kijani cha mwani kwenye daftari lenu.

Na furu usiwaruke. Samaki hawa wadogo ambao watoto wetu wanawachoma kwa kuwaona ni wa kawaida tu wamewaleta watafiti kutoka mabara mengine mpaka Ghuba ya Mwanza. Ziwa hili limekadiriwa kuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, na kwa vile ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, utofauti huo umezuka au kupangika upya ndani ya muda ambao kwa mabadiliko ya viumbe ni mfupi mno. Nunua fungu la furu mchanganyiko, waambie vijana wawapange kwa meno na midomo. Kisha jadilini kilichowapata wengi wao baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960.

Usalama wa majini

Usimwingize mtoto majini kwa ajili ya sayansi. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu. Vimelea vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ya aliyesimama majini. Sampuli ichotwe kwa ndoo ya kamba kutoka gatini, au na mtu mzima mwenye gambuti. Hilo nalo ni somo, na mganga wa zahanati ya jirani atafurahi kulifundisha.

Kama safari ni ya boti, kila mtoto avae jaketi okozi la kimo chake kabla ya kupanda. Baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, mzazi wa visiwani atakuuliza habari za jaketi kabla ya habari za sayansi, na ana haki. Ukifundisha kuelea na uwiano wa vyombo huko, ongea kwanza na walimu. Kati ya wanafunzi wako wapo waliopoteza mzazi au ndugu siku ile. Walimu wa Ukerewe wanajua namna ya kuliweka somo hilo kwa upole, waachie waliongoze.

Nani ameshika mizani?

Zunguka kwenye makundi na uangalie mikono. Kwenye kundi la mchanganyiko, bila kuambiwa na mtu, mvulana anashika kifaa na msichana anashika daftari kwa sababu ana mwandiko mzuri. Saa mbili zikipita hivyo, yeye ameandika sayansi ya wenzake. Tengeneza kadi nne: mpimaji, mwandishi, mkaguzi, msemaji. Kila kipimo kadi zinazunguka. Vikao vya mwanzo mimi huwaweka wasichana kwenye makundi yao ya wanne wanne, tukichanganya baadaye wakiwa wameshazoea mizani.

Waache waongee Kiswahili. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta Fizikia yote kwa Kiingereza, mara nyingi anaonekana hajui sayansi wakati kinachomshinda ni lugha. Waelezane, wabishane, watetee grafu yao kwa Kiswahili, na Kisukuma au Kikerewe kikiingia kisizuiwe. Dakika 20 za mwisho ndipo maneno ya Kiingereza ya mtihani yanaandikwa ubaoni, kila neno pembeni ya kitu walichokishika siku hiyo. Usiziache dakika hizo, kwa sababu mtihani wa taifa utawauliza kwa Kiingereza.

Mgeni wa kuwatia moyo asiwe profesa pekee. Mtafute dada fundi wa injini za boti, mtaalamu wa maabara kutoka kituo cha afya, binti aliyesoma chuo cha uvuvi pale Nyegezi. Mwambie aeleze alifeli nini, alisoma kwa ada ya nani, na kazini anafanya nini saa nne asubuhi. Aje zaidi ya mara moja.

Weka daftari la maswali. Kila swali liandikwe na jina la aliyeuliza, na ukirudi uanze na daftari hilo. Wasimulie habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Tanga, wakitengeneza aiskrimu, aliweka maziwa ya moto kwenye friza na yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimkebehi. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu maabara badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia bado wanalibishania jambo hilo. Osborne ndiye ninayetaka uwe.

Kupima kama kuna kilichobadilika

Idadi ya fulana ulizogawa haisemi kitu. Siku ya kwanza, kabla hujajitambulisha, wape karatasi tupu: "Mchore mtu wa sayansi akiwa kazini." David Chambers alipokusanya michoro ya watoto 4,807 wa Kanada, Marekani na Australia, akachapisha mwaka 1983, ni 28 tu waliochora mwanamke, na wote 28 walikuwa wasichana. Tafiti za baadaye Marekani zilikuta wanaochora mwanamke wameongezeka sana, lakini kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyozidi kuchora mwanaume. Hifadhi michoro yao, rudia mwisho wa mwaka, linganisha: jinsia, mahali, vifaa. Utashangaa wangapi walichora mzungu mwenye koti jeupe na baadaye wakachora mtu mwenye khanga na mizani.

Kipimo kikubwa ni hiki. Weka orodha ya majina yaliyotoka kwenye ndoo, na weka pia orodha ya yaliyobaki ndani. Wanapoingia kidato cha tatu, mwombe mwalimu wa taaluma akupe idadi ya wanaosoma Fizikia na Kemia kutoka kila orodha, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Kwa kuwa ni kura iliyowatenganisha, tofauti kubwa kati ya orodha mbili inakuambia jambo kuhusu kazi yako, na usipoikuta tofauti, badili mpango. Kundi dogo la shule moja linaweza kudanganya, kwa hiyo unganisha miaka na shule kabla ya kutangaza ushindi. Baada ya hesabu hiyo, waliobaki kwenye ndoo waanzishiwe zamu yao.

Kama fedha inatosha shule nne kwa siku moja moja, chukua shule moja uiendee mara nne. Mfadhili anayependa namba kubwa mweleze hivyo tangu kwenye andiko la maombi. Ukimaliza kila safari, mizani, kamba na vipimajoto vibaki shuleni, viandikwe kwenye leja, ufunguo wa kabati ukae kwa mwalimu mmoja na viongozi wawili wa klabu, mmoja wao msichana. Wakubaliane watapima nini wewe ukiwa haupo, na tarehe ya kurudi iandikwe ubaoni, ikiwa imehesabiwa kwa mbalamwezi ijayo.